Je, Utamu Una Hatia? Maneno juu ya Lawalawa za Rangi za Siku ya Pasaka



Tumeulizwa swali ambalo mara ya kwanza lilituchekesha, na mara ya pili likatunyamazisha. Katika usharika mmoja akina mama walipatana kutengeneza lawalawa nyumbani, zenye umbo la mayai na rangi mbalimbali, wawape watoto asubuhi ya Pasaka baada ya ibada. Wazee wakagawanyika. Mmoja akasema, "Kaburi lililo wazi halihitaji sukari." Mwingine akajibu, "Mtoto asiyeonja furaha ataijuaje?" Mwalimu wa mahali hapo akabaki katikati, hana neno, ndipo alipotuandikia: Je, jambo hili ni jema, ni baya, au si kitu?

Twaweza kujibu kwa neno moja, tukaendelea na habari nyingine. Lakini jambo dogo lililogawanya wazee si dogo tena. Basi na tulipime polepole, kama apimavyo nafaka mtu asiyetaka kudhulumu wala kudhulumiwa.

Kwanza yatupasa kujua desturi hii imetoka wapi. Maana mgeni asiyeulizwa kwao hupewa ama heshima isiyo yake, ama aibu isiyo yake. Huko Ulaya Pasaka huangukia wakati baridi inapokwisha. Miti iliyosimama mikavu kama mifupa huanza kuchipua, na kuku, ambao siku za giza hutaga kidogo, huanza kutaga tena. Tena zamani Kanisa la magharibi lilikataza watu kula mayai siku zote za Kwaresima. Lakini kuku hawajui Kwaresima. Wao walitaga tu, na mayai yakajaa nyumbani. Pasaka ilipofika, watu wakayala kwa furaha, wakayapaka rangi, wakapeana zawadi. Katika hesabu za nyumba ya Edward I, mfalme wa Uingereza, za mwaka 1290, yametajwa mayai 450 yaliyonunuliwa ili yapambwe kwa ajili ya Pasaka. Mwaka 1682 tabibu mmoja Mjerumani, Georg Franck von Franckenau, aliandika habari za watu wa Alsace na nchi za jirani, waliowaambia watoto kwamba sungura ndiye aletaye mayai hayo na kuyaficha majanini. Katika karne ya 18 Wajerumani wengi, na Walutheri wengi miongoni mwao, walihamia Pennsylvania katika Marekani, nao wakaichukua desturi hiyo pamoja na vitabu vyao vya sala.

Mayai ya sukari yalikuja kuenea baadaye, sukari iliposhuka bei. Mwaka 1747 Andreas Sigismund Marggraf wa Berlin alionyesha kwamba sukari ile ile ya muwa yapatikana pia katika aina ya kiazi kiotacho katika nchi za baridi. Na mwaka 1801 mwanafunzi wake, Franz Karl Achard, akaanzisha kiwanda cha kwanza cha sukari hiyo huko Cunern, katika Silesia. Baada ya miaka mingi, kitu kilichokuwa cha meza za wakuu kikaingia katika jiko la maskini. Ndipo mama asiye na dhahabu ya kupamba yai alipoweza kumfinyangia mtoto wake yai zima la utamu.

Kwetu hapa Pasaka haitutoi katika theluji. Hutujia pamoja na mvua za masika, mahindi yakiwa machanga na njia zikiwa tope. Basi mama wa kwetu afinyangaye yai la rangi hafuati majira ya nchi yake. Amepokea mchezo wa wageni. Je, hilo ni kosa? La. Hata kengele na kinanda tulipokea kwa wageni. Lakini haifai kumwambia mtoto kwamba sungura ndiye aliyeleta mayai, kana kwamba ni kweli. Mtoto akimwuliza mama yake habari za sungura na habari za kaburi siku ile ile, na ile ya kwanza ikawa ni uongo, ataipimaje ya pili? Hadithi na ibaki hadithi, nayo itamfurahisha vile vile.

Tena tukumbuke kwamba mwaka 1577 baba zetu katika imani, walipoandika Mapatano yao, walishughulika na mambo ya namna hii hasa: mambo ambayo Mungu hakuyaamuru wala hakuyakataza. Wakafundisha kwamba usharika una uhuru wa kuyashika au kuyaacha, mradi mtu asiyafanye kuwa sharti la wokovu. Kwa hiyo mzee akatazaye lawalawa kana kwamba ni dhambi amepita mpaka. Na mama asemaye kwamba Pasaka bila lawalawa si Pasaka amepita mpaka ule ule, ila kwa upande wa pili.

Je, tumekwisha kujibu? Bado. Maana jambo lisiloamriwa wala kukatazwa ni kama chombo kitupu: halina ubaya, lakini laweza kutiwa maji au kutiwa sumu. Ndiyo sababu tutazame kazi yenyewe jinsi inavyofanyika.

Mama hutwaa vikombe viwili vya sukari na kiasi cha nusu kikombe cha maji, akaongeza matone machache ya limau, akabandika sufuria motoni. Huikoroga mpaka sukari iyeyuke, kisha huuweka mwiko kando, asiiguse tena. Limau si kwa ajili ya ladha tu. Ukali wake huigawanya sehemu ya sukari iwe sukari za namna mbili, nazo huzuia chembe kubwa zisijitengeneze. Shira huchemka, mapovu huwa mazito. Mwenye kipimo cha joto husubiri digrii 114 hivi. Asiye nacho hudondosha tone katika maji baridi. Likifanyika donge laini liwezalo kufinyangwa kwa vidole, shira imefika. Akichelewa, donge litakuwa gumu. Akiharakisha, halitafanyika kabisa. Watoto na wakae mbali na meko, kwa kuwa shira hunata mwilini, na jeraha lake ni baya kuliko la maji ya moto.

Kisha huimimina katika sinia lililonyunyizwa maji, akaiacha ipoe mpaka iwe vuguvugu. Hapa ndipo penye jaribu la uvumilivu. Akiikoroga ingali moto, sukari itarudi kuwa chembe kubwa kama mchanga, na kazi yote itapotea. Akingoja, kisha akaipiga kwa mwiko kwa nguvu, ile shira iliyokuwa angavu kama kioo huanza kuwa nyeupe, ikageuka kuwa donge laini, lenye chembe ndogo mno hata ulimi hauzisikii. Hulikanda kama unga, akaligawanya mafungu, na sasa, mwisho kabisa, hutia rangi: manjano kwa rangi ya dhahabu, maji ya choya kwa nyekundu, maji ya majani ya mchicha yaliyochujwa kwa kijani. Ndipo afinyangapo mayai yake, akayapanga juu ya karatasi yakauke.

Tumeieleza kazi hii kwa urefu kwa sababu ndani yake mna fundisho. Rangi yaja mwisho, juu ya kitu ambacho kimekwisha kuwa chema bila hiyo. Donge lililoharibika haliponywi kwa rangi. Je, kutia rangi ni kudanganya? Twasema: rangi ipambayo kitu kizuri ni furaha, rangi ifichayo kitu kibovu ni uongo. Ni kama nguo ya sikukuu. Mtu aliyeoga akavaa kanzu safi hamdanganyi mtu. Lakini afunikaye uchafu kwa kanzu safi ajua moyoni mwake alitendalo.

Wala tusidhani kwamba mpaka kati ya hizo mbili ni wa kufikirika tu. Mwaka 1831, katika gazeti la matabibu liitwalo The Lancet, daktari William Brooke O'Shaughnessy, mwenyeji wa Ireland, alitoa habari za peremende za rangi alizozichunguza huko London. Alikuta ndani yake rangi zilizofanywa kwa madini ya risasi, zebaki na shaba. Peremende zenye kumeremeta kuliko nyingine zote, zilizowavuta watoto dirishani, ndizo zilizobeba sumu.

Na zaidi ya hayo ni msiba wa Bradford, mji wa Uingereza, mwaka 1858. Mtengenezaji mmoja wa peremende za mnanaa alikuwa na desturi, waliyokuwa nayo wengi wa kazi yake, ya kupunguza sukari na kutia mahali pake unga mweupe wa jasi, kwa kuwa sukari ilikuwa ghali na jasi ni rahisi. Siku moja akamtuma mtu kwa mwuza dawa akalete unga huo. Mwuza dawa alikuwa mgonjwa. Msaidizi wake akaelekezwa darini penye pipa, akatwaa unga mweupe wa pipa jingine, akapima ratili 12. Ulikuwa aseniki, sumu kali. Mfanyakazi aliyezikanda peremende hizo aliugua akiwa kazini, wala hakuna aliyeuliza sababu. Mchuuzi aliyezinunua aliona kwamba hazifanani na za siku zote. Naye akaomba apunguziwe bei, akapunguziwa, akazipeleka sokoni. Watu kama 20 walifariki, na wengine zaidi ya 200 waliugua. Na watoto walikuwamo kati ya waliokufa.

Walioshtakiwa hawakupatikana na hatia mbele ya sheria. Nasi ndugu, tukisoma habari hiyo, hatuwezi kumpata mwuaji. Hakuna aliyetaka kuua. Kila mmoja alifanya kosa dogo alilolizoea: mmoja alipunja kidogo, mmoja hakuangalia pipa, mmoja aliona dalili akaigeuza kuwa faida. Kama kila donge lingalikuwa sukari tupu, kama lilivyojidai kuwa, pipa la darini lisingalimdhuru mtu. Uongo mdogo wa desturi ndio uliofungua mlango, na sumu ikapita humo bila kubisha hodi. Walimu, fundisheni habari hii mnapofundisha amri zinazotukataza kuiba na kusema uongo. Haba na haba hujaza kibaba. Na hatia nayo hujaa vivyo hivyo.

Siku hizi rangi za viwandani hupimwa na serikali, nazo hazifanani na zile za 1831. Hata hivyo uangalizi haujaisha. Mwezi Januari 2025 idara ya Marekani isimamiayo vyakula na dawa iliondoa kibali cha rangi nyekundu iitwayo eritrosini katika vyakula, ikawapa watengenezaji wa vyakula muda hadi Januari 2027. Sababu ni kwamba ilionekana kuleta saratani kwa panya dume waliopewa kwa wingi, na sheria ya huko hairuhusu rangi ya namna hiyo. Ingawa idara yenyewe ilieleza kwamba njia iliyowadhuru panya haipo kwa wanadamu. Hatusemi haya ili kuwatisha akina mama. Twasema: anayetengeneza kwa mkono wake, kwa manjano na choya, aweza kumwambia mtoto jina la kila kitu kilichomo ndani ya yai lake. Uwezo huo wa kusema yote bila kuficha ni utamu wa pili, nao hauozeshi meno.

Sasa twafika penye swali gumu zaidi. Rangi ni safi, sukari ni sukari; lakini sukari yenyewe imetoka mikononi mwa nani? Kwa muda wa karne kadhaa sukari iliyokoleza chai ya Ulaya ililimwa na watumwa wa Kiafrika katika visiwa vya Karibi. Mwaka 1791 William Fox alichapa kijitabu huko London, akiwahimiza watu waache sukari hiyo. Na Thomas Clarkson alikadiria kwamba watu kama 300,000 waliiacha. Hawakuwa wakuu. Wengi walikuwa watu wa nyumbani, waliokunywa chai chungu ili wasishiriki machozi ya mtu wasiyemwona. Uingereza ikakataza biashara ya watumwa mwaka 1807, na mwaka 1833 ikatunga sheria ya kukomesha utumwa wenyewe katika makoloni yake mengi.

Wala tusiwanyoshee kidole watu wa mbali tu. Kando ya mto Pangani, katika pwani yetu wenyewe, karne ya 19 palikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa, na shira ikachemshwa humo kwa jasho lao. Katika Tanganyika utumwa ulifutwa kwa sheria mwaka 1922 tu. Bibi zetu walikuwako.

Je, basi tuache sukari? Hatuoni hivyo. Yule aliyeiacha mwaka 1791 aliiacha kwa kuwa alijua. Nasi hatuwezi kufuata kila punje mpaka shambani. Lakini mtu awezaye kuuliza, kisha akasema "sijui" ili alale vizuri, amefanana na yule mchuuzi wa Bradford. Walio karibu na mashamba ya miwa wawajua wakatao. Na waulize hali zao. Aliye na duka asimpunje mpakuaji. Na mama amwajiriye binti wa kumsaidia jikoni juma la Pasaka, amlipe kabla ya sikukuu, si baada yake. Hatuwezi kuosha sukari ya dunia yote, lakini twaweza kuosha mikono iliyo karibu.

Limebaki jambo moja, nalo latuhusu sisi tuandikao haya, wala hatutalificha. Mwaka mmoja tulisaidia kugawa lawalawa za Pasaka. Tulikuwa tumewahesabu watoto wa usharika, tukatengeneza kwa hesabu hiyo hiyo, yai moja kwa kila mmoja, tukajisifu kwa utaratibu wetu. Baada ya ibada watoto wa majirani, wasio wa Kanisa letu, walisimama uani wakitazama. Mtoto mmoja akasogea, akanyosha mkono. Tukamwambia, "Hizi ni za watoto wetu." Hakulia. Aliurudisha mkono wake, akauficha nyuma ya mgongo, kana kwamba mkono ndio uliokosa.

Saa moja kabla ya hapo tulikuwa tumetangaza mimbarani kwamba habari ya kufufuka ni ya watu wote. Yule mtoto hakuisikia mahubiri yetu. Aliyoyasikia ni yale maneno matano, nayo ndiyo aliyokwenda nayo nyumbani. Sukari yetu ilikuwa safi, rangi zake zilikuwa za manjano na choya, mfanyakazi alilipwa. Na bado tuliigeuza kuwa ukuta. Ndipo tulipofahamu kwamba mtu aweza kushika kila kanuni ya jikoni, akaanguka mlangoni.

Basi, mwalimu mpendwa uliyetuuliza, jibu letu ni hili. Yule mzee asemaye kwamba kaburi lililo wazi halihitaji sukari amesema kweli. Lakini halihitaji kengele pia, wala kanzu nyeupe, wala nyimbo zetu. Sisi ndio wahitaji, na watoto zaidi yetu. Mkumbushe mzee kwamba Bwana aliyefufuka hakuudharau mdomo wa mwanadamu: aliwaandalia wanafunzi wake samaki na mkate kando ya ziwa, wakala kabla ya kuzungumza mambo mazito. Mwambie tena kwamba twaihitaji hofu yake. Maana pasipo mtu wa kuuliza, sikukuu hugeuka kuwa sukari tu.

Na akina mama uwaambie hivi. Tengenezeni, mkipenda. Msitie kitu ambacho hamwezi kukitaja mbele ya mtoto. Mlipeni anayewasaidia. Fanyeni mayai madogo, kwa kuwa sukari nyingi hudhuru meno na mwili, na mtoto hupima zawadi kwa jicho kabla ya ulimi. Na mkiwahesabu watoto wa usharika mkapata 40, finyangeni mayai 60. Yale 20 ya ziada msiyaandike jina. Wekeni chombo chake karibu na mlango, mahali mkono wa mtoto usiyemjua uwezapo kufika.

Nasi mwaka huo uliofuata tulifanya hivyo. Yalitosha, yakabaki mawili.

Amani iwe nanyi nyote.